Kukata Muwa Gizani: Kweli na Uongo Kuhusu Maneno Marefu ya Kiingereza

Nilipokuwa kidato cha pili nilimlisha mahindi mfanyabiashara mmoja ambaye hakuyaomba. Tulikuwa tukisoma hadithi kwa zamu, kila mtu na aya yake, na zamu ilipofika kwangu nikakumbana na neno "misled". Nikalikodolea macho. Nikaona "mi", nikaona "sled", nikavuta pumzi na kulisoma kwa sauti ya mtu asiye na shaka: "maizled". Mwalimu akanisimamisha. "Maana yake?" Nikamjibu kwamba yule bwana kalishwa mahindi, kwa kuwa "maize" nilikuwa nalijua. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alichukua chaki, akaliandika neno ubaoni, akapitisha mstari wima baada ya herufi ya tatu: "mis", halafu "led". "Amepotoshwa," akasema. "Kama wewe hapo."

Ilinichukua miaka kujua kwamba Waingereza wenyewe huteleza papo hapo. Wako watu wazima, wamezaliwa na lugha hiyo, ambao kwa miaka mingi walilisoma neno hilo kimoyomoyo wakiamini kuna kitenzi "misle". Nilipolijua hilo nililala vizuri.

Sisi tuliokulia kwenye Kiswahili tumedekezwa. Neno letu refu ni kama muwa uliopurwa majani: vifundo vyote viko nje, unajua kisu kipite wapi. Chukua "walipotusimulia". Silabi nane, kila irabu inafunga silabi yake. Mkazo unakaa pale unapokaa siku zote, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Vipande vya maana navyo vimejipanga foleni: wa, li, po, tu, kisha simulia. Neno la Kiingereza ni muwa ungali na majani yake. Vifundo vipo ila vimefunikwa, na ndiyo maana kila mtu ana hadithi yake ya namna ya kuukata. Bila shaka umezisikia: darasani, kwa kaka mkubwa, kwa yule rafiki aliyekaa Ulaya miezi sita akarudi na pua mpya. Tuzipime.

"Hesabu irabu, utajua silabi ni ngapi"

Si kweli. Kanuni hii ni ya nyumbani, tumesafiri nayo bila kuikagua. Na hata nyumbani ina tundu: "mtu" ina irabu moja lakini silabi mbili, m na tu, na mkazo unaangukia hiyo m. "Nchi" vivyo hivyo.

Kwa Kiingereza tundu linakuwa handaki. Neno "queue", yaani foleni, lina herufi tano. Nne kati yake ni irabu, na silabi ni moja tu. "Strengths" lina herufi tisa, irabu moja, silabi moja. Halafu "area", herufi nne, silabi tatu. Na "rhythm" halina a, e, i, o wala u, lakini lina silabi mbili. Ya pili inabebwa na m peke yake. Mwanafunzi wa Kichina au wa Kifaransa anaruhusiwa kushangaa hapo. Wewe unayesema "mtu" na "mke" tangu utotoni huna udhuru.

Mdomo nao una tabia ya kumeza. "Comfortable" kwa maandishi inaonekana kuwa na silabi nne, ila wasemaji wengi wanatoa tatu, kitu kama KAMF-ta-bl. "Chocolate" kwa wengi ni mbili. "Wednesday" ni mbili, na ile d ya kwanza imebaki kama picha ya marehemu ukutani.

Sisi tunafanya kinyume: badala ya kumeza, tunaongeza. "Club" ni silabi moja. Ilipotua pwani ikawa ki-la-bu, silabi tatu, kisha tukaitazama ile "ki" tukaona ni mtu wetu. Wingi? Vilabu. Vilabu vya mpira, vilabu vya pombe. Hii habari ya "ki" nitairudia, kwa sababu ndipo palipo na utamu.

"Mkazo ni pambo tu, tamka herufi zote vizuri utaeleweka"

Si kweli, na hii ndiyo inayotuumiza zaidi.

Kwetu mkazo mara chache hubeba maana. Mfano maarufu ni ule wa "fagia barabara barabara": ya kwanza, ba-ra-BA-ra, ni njia ya magari, ya pili, ba-RA-ba-ra, ni sawasawa. Mifano ya namna hiyo inahesabika. Na popote mkazo unapokaa, a inabaki a na o inabaki o. Kwa Kiingereza mkazo ni taa: silabi iliyoangaziwa inaonekana kamili, zilizobaki zinaingia kivulini na irabu zake zinafifia. PHO-to-graph ni picha. Pho-TO-gra-phy ni upigaji picha. Pho-to-GRA-phic ni sifa ya kitu kinachohusu picha. Herufi za mwanzo ni zilezile, lakini sikiliza zile o mbili. Katika neno la kwanza o ya mwanzo inasikika wazi na ya pili inafifia. Katika neno la pili zimebadilishana nafasi.

Ile sauti iliyofifia, isiyo a wala e wala o, wataalamu huiita shwa, jina lililotoka katika sarufi ya Kiebrania. Ndiyo irabu inayosikika mara nyingi kuliko zote katika Kiingereza, na haina herufi yake. Inajificha ndani ya a ya "about", e ya "taken", o ya "lemon" na u ya "circus". Mtu anayetamka kila herufi kwa uaminifu, kama tulivyofundishwa, anaziwasha taa zote kwa pamoja, na msikilizaji hajui atazame wapi.

Niliwahi kumsikia mhudumu mmoja, kijana mkarimu kweli, akiwauliza wageni baada ya chakula cha jioni kama wangependa jangwa. Alikusudia "dessert", ambayo mkazo wake uko mwisho, na akaukaza mwanzo, ambako ni "desert". Wale wageni walikuwa na adabu. Wakaomba jangwa la embe.

"Neno likiishia na -tion, kaza silabi iliyo kabla yake"

Kweli, na mwalimu wako alistahili soda.

Hii ni kati ya kanuni chache za Kiingereza ambazo unaweza kuziegemea bila kuanguka. E-du-CA-tion, in-for-MA-tion, po-pu-LA-tion, ci-vi-li-ZA-tion: neno lirefuke litakavyo, mkazo unasogea hadi unapakana na -tion. Ndugu yake -sion hufanya hivyohivyo, isipokuwa mtukutu mmoja unayemwona kila siku sebuleni: TE-le-vi-sion, mkazo mwanzo. Tulipoichukua sisi tukaihamishia mahali petu, te-le-vi-SHE-ni. Kiswahili hakiulizi mkazo ulikuwa wapi zamani. HOS-pi-tal ikawa hos-pi-TA-li, BI-cy-cle ikawa bai-si-KE-li.

Walioketi dawati moja na -tion ni -ity na -ic. E-LEC-tric, ongeza -ity, upate e-lec-TRI-ci-ty, badili tena, upate e-lec-TRI-cian, fundi umeme. Angalia ile c ya mwisho wa "electric". Kwenye neno la kwanza ni k, la pili ni s, la tatu ni sh. Maandishi hayajabadilika kwa sababu yanatunza ukoo, na mdomo umebadilika kwa sababu una shughuli zake. Tunapokilaani Kiingereza kwa tahajia yake, tukumbuke kwamba mara nyingine tahajia hiyo mbaya inatuonyesha nani ni ndugu wa nani.

Kanuni ya -ic ina waasi wachache, na itabidi uwakariri tu: A-ra-bic, CA-tho-lic, PO-li-tics, LU-na-tic, na "arithmetic" ya hesabu, inayokazwa kwenye RITH.

Lakini usidhani kila kiambishi tamati kina nguvu ya kuusukuma mkazo. HAP-py, HAP-pi-ness: haukusogea. NEIGH-bour, NEIGH-bour-hood: umetulia. De-VE-lop, de-VE-lop-ment: vilevile, ingawa wengi wetu tunapenda kusema "divelopMENT". Sababu ni ya kihistoria. Viambishi kama -ness, -hood, -ful na -ly ni wenyeji, vilikuwepo katika Kiingereza cha kale chenye asili ya Kijerumani, na mwenyeji hahamishi samani. Vile vya -ity na -ic vilikuja kutoka Kilatini na Kigiriki, vingi vikipitia Kifaransa, hasa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, navyo vilikuja na desturi zao za mkazo. Kiambishi -ment ni mgeni wa Kifaransa aliyeamua kuishi kama mwenyeji. Kuna watu wa namna hiyo kila mtaa.

"Nomino hukazwa mbele, kitenzi hukazwa nyuma"

Nusu kweli. RE-cord ni kumbukumbu, re-CORD ni kurekodi. IM-port na im-PORT, PER-mit na per-MIT. Ukienda bandarini utazisikia zote kabla ya chai ya saa nne. Lakini "report" hukazwa mwisho iwe nomino au kitenzi, "support" pia, "control" pia. Na "answer" hukazwa mwanzo pande zote mbili, "travel" vilevile.

Kinachonifurahisha ni kwamba kanuni hii ingali inakua. Mwaka 1570 Peter Levins alitoa kamusi yake ya vina, Manipulus Vocabulorum, iliyoonyesha mikazo, na humo jozi za namna hii zilikuwa tatu tu: "outlaw", "rebel" na "record". Kufikia karne ya 20 zilikuwa zimepita mia. Itumie kama dira, usiitumie kama ramani.

"Vile vitone ndani ya neno kwenye kamusi vinaonyesha silabi"

Si kweli, ingawa hata mimi niliamini hivyo kwa muda mrefu kiasi cha kuona haya.

Vitone hivyo viliwekwa kwa ajili ya wapiga chapa. Vinasema: neno likikosa nafasi mwishoni mwa mstari, unaruhusiwa kulikata hapa kwa kistari. Kwa kuwa ni vibaya kuiacha herufi moja ikiwa yatima mwishoni mwa mstari, kamusi za Kimarekani hulikata "area" mahali pamoja tu, "ar" na "ea", wakati silabi ni tatu.

Halafu wenye lugha hawakubaliani. Neno "knowledge" kwa jadi ya Uingereza lilikatwa "know-ledge", ili mzizi "know" ubaki mzima. Wamarekani wanakata "knowl-edge", kwa kufuata sikio. Upande wa sikio ulikuwa na mtetezi mkubwa, Noah Webster, ambaye kitabu chake cha tahajia cha mwaka 1783 kiliwafundisha watoto wa Marekani kusoma kwa silabi, na ambaye alisisitiza kwamba maneno yagawanywe yanavyotamkwa. Kwa hiyo mmoja anakata kwa maana, mwingine kwa sauti, na wote wawili wanakuonyesha kamusi.

Ukikosea kukata, msomaji ndiye anayejikwaa. "Manslaughter" ni kosa la kuua bila kukusudia. Likatwe baada ya "man". Likikatwa herufi moja mbele linakuwa "mans-laughter", na mshtakiwa anaonekana ameshtakiwa kwa kicheko. Sisi nasi hatujasalimika. Umeona magazetini kompyuta iliyofunzwa Kiingereza ikilikata neno "wakati" kuwa "wak" huku na "ati" kule? Hiyo ni kanuni ya wageni inayofanya kazi shambani kwetu.

"Silabi na vipande vya maana vinakwenda pamoja"

Si kweli. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Chukua helikopta. Kwa sauti, Kiingereza kinaikata he-li-cop-ter na kukaza mwanzo. Kwa maana, muulize mtu yeyote wa London akugawie vipande viwili, atakupa "heli" na "copter". Amekosea. Neno hilo lilitungwa Ufaransa mwaka 1861 na Gustave Ponton d'Amécourt kutokana na Kigiriki: "helico", kitu kilichojisokota kama parafujo, na "pter", bawa. Ndiyo "pter" ileile ya "pterodactyl", yule mnyama wa kale mwenye mabawa. Mpaka wa maana unapita katikati ya silabi "cop", mahali ambapo hakuna mdomo ungeweza kusimama. Mdomo ukaamua kuhamisha mpaka. Leo kuna "copter" peke yake, na kuna "heliport", na hakuna anayelalamika.

Kwa hiyo neno moja lina visu vitatu: kisu cha silabi, kisu cha mkazo na kisu cha maana. Kwetu vinapita karibu njia moja. Kwao kila kimoja kina njia yake, na kutoka katika msigano huo lugha huzaa.

Hamburger haina nyama ya nguruwe ndani ya jina lake. Ni Hamburg, mji wa Ujerumani, na -er ya kuonyesha atokako mtu au kitu. Lakini "ham" kwa Kiingereza ni paja la nguruwe, basi watu wakaona "ham" na "burger", wakachukua "burger" na kuibandika kwenye jibini, kuku na samaki. Sisi tukapokea baga, kipande ambacho kwa Kijerumani ni mkia wa jina la mji.

"Alcohol" nayo ni Kiarabu, al-kuhl, na al ni kitambulishi cha nomino tu. Al-kuhl ulikuwa unga laini wa kupaka machoni, yaani wanja. Kutoka unga uliosafishwa sana maana ikahamia kwenye kitu chochote kilichosafishwa, kisha kwenye roho ya mvinyo. Ndiyo kusema wanja wa bibi harusi na kilichomo ndani ya chupa ni watoto wa mama mmoja. Baadaye Kiingereza kikamtunga "workaholic", mtu mwenye ulevi wa kazi, kwa kukata "alcoholic" mahali ambapo hakuna kifundo chochote, si cha Kiarabu wala cha Kiingereza.

Wakati mwingine kisu hukosea mpaka kati ya neno na neno. Zamani kilikuwako "a napron", kitambaa cha kujifunga jikoni, jamaa ya "napkin". Waliosikia "a napron" wakadhani wamesikia "an apron". N ikahamia jirani, haikurudi. Mama lishe anayefunga aproni yake asubuhi anafunga kosa la kusikia la karne nyingi.

Kabla hatujawacheka, tujitazame. "Kitabu" ni Kiarabu, kitab, na ile "ki" haikuwa kiambishi ila sehemu ya mzizi. Tukaiona, tukasema vitabu. Barabarani Waingereza waliandika "keep left", kaa kushoto. Tukapata kipilefti, na mji ukikua, vipilefti. "Mudguard" ikawa madigadi, na kwa kuwa "ma" kwetu ni wingi, likizibuka moja fundi anauliza digadi liko wapi. Hakuna aliyetufundisha. Sikio liliona kifundo pasipo kifundo, likakata, na muwa ukawa mtamu vilevile.

"In- mwanzoni mwa neno maana yake si"

Mara nyingi kweli, ikikosea, inaunguza. "Visible" ni kinachoonekana, "invisible" kisichoonekana, hapo sawa. Lakini lori la mafuta lililoandikwa "inflammable" halisemi mzigo wake haushiki moto. Linasema unashika, tena haraka. In- hii ni nyingine, ile ya "ndani", kutoka kitenzi cha Kilatini cha kuwasha moto. Huko Marekani, National Fire Protection Association walianza miaka ya 1920 kuhimiza litumike "flammable", kwa kuhofia kwamba siku moja mtu atasoma kiambishi vibaya akiwa na sigara mkononi. Ndiyo maana leo "flammable" na "inflammable" ni kitu kimoja. Ukiliona lolote kati ya hayo mbele yako barabarani, acha nafasi.

"Neno refu kuliko yote ni antidisestablishmentarianism"

Si kweli. Kila shule ilikuwa na mtoto aliyelijua, na kila mtoto huyo aliheshimiwa isivyostahili.

Lina herufi 28. Linalolizidi kamusini ni "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis", herufi 45, silabi 19, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi laini mno la volkano. Lakini hilo nalo lilizaliwa kwa utani: mwaka 1935 Everett Smith, kiongozi wa chama cha Wamarekani wapenda mafumbo ya maneno, alilitunga ili liwe refu, magazeti yakalitangaza, na kamusi zikalipokea. Daktari wako hatalitumia; atasema silikosisi na kuandika dawa. Kuna pia jina la kikemia la protini ya titini, herufi zaidi ya 189,000, ambalo wanakamusi wanalikataa kwa madai kwamba hiyo ni fomula na si neno, na mimi niko upande wao.

Hata hivyo yule mzee wa herufi 28 ana jambo la kutufundisha, maana alikuwa na kazi halisi: kupinga mpango wa kulitenga kanisa na dola. Mjadala huo ulikuwa wa moto Uingereza karne ya 19. Kanisa la Ireland lilitengwa kwa sheria ya mwaka 1869, la Wales mwaka 1920. Unalisomaje? Hapa ndipo wengi hukosea kwa kusoma vipande kama shanga, kushoto kwenda kulia. Lifungue kama kitunguu. Kiini ni "establish", kuweka rasmi. Ganda la kwanza "dis": kuondoa urasmi. La pili "ment": kitendo chenyewe. La tatu "arian": mtu anayekiunga mkono. Kisha "anti" inageuza yote, na "ism" inalifanya kuwa msimamo. "Anti" inatamkwa kwanza lakini ilivaliwa karibu mwisho, kama koti. Na mkazo mkuu? Umeangukia TAR, kwa amri ya kiambishi -arian, kilekile cha ve-ge-TAR-ian.

"Kuna mkazo mmoja sahihi, muulize Mwingereza"

Si kweli, watakujibu wawili watofautiane. Uingereza utasikia CON-tro-ver-sy na con-TRO-ver-sy, kila upande ukiuona mwingine hauna malezi. "Laboratory" hukazwa BO huko, LA kule Marekani. "Kilometre" ina kambi mbili, KI na LO. Na alumini ina silabi tano London, nne New York. Mkemia Humphry Davy mwenyewe aliiita "alumium" mwaka 1808, akabadili kuwa "aluminum" mwaka 1812, kisha wengine wakaona "aluminium" inafanana zaidi na ndugu zake kama sodium. Aliyelitunga jina hilo alisitasita. Wewe jipe raha.

"Waingereza hupiga mikazo yao kwa vipindi sawa, kama ngoma"

Si kweli ukiipima kwa saa. Dai hili ni la wasomi, si la mtaani. Kenneth Pike alizigawa lugha mwaka 1945: zile zinazohesabu silabi na zile, kama Kiingereza, zinazohesabu mikazo. Mwaka 1982 Peter Roach alizipima kanda za sauti za lugha sita, na vipindi sawa havikuonekana. Lakini sikio halikudanganywa bure: silabi kivulini zinabanwa na zenye mwanga zinatanuliwa, na tofauti hiyo ndiyo tunayoisikia kama mdundo.

"Katikati ya neno la Kiingereza hakuingii kitu"

Karibu kweli. Kwetu katikati ndiko kwenye sherehe: ninapenda, ninakupenda, ninavyokupenda. Kiingereza hupachika mbele na nyuma tu. Isipokuwa mtu akikasirika.

Mwingereza aliyekereka huweza kulipasua neno na kutia matusi mepesi ndani yake: "abso-bloody-lutely", "fan-bloody-tastic". Hakuna shule inayofundisha hivyo, wala hakuna anayesema "ab-bloody-solutely". Tusi linaingia kabla ya silabi yenye mkazo mkuu, LU, TAS, kana kwamba kila mmoja wao amebeba mfukoni ramani ya mikazo ambayo ukimwomba akuchoree hawezi. Mwanaisimu John McCarthy aliandika makala nzima kuhusu jambo hilo mwaka 1982, kwa umakini mkubwa.

Nililisikia kwa masikio yangu kwenye lango la Marangu. Mgeni mmoja aliyetoka kushuka mlima, midomo imebabuka kwa jua, alikaa chini kwenye saruji, akavua kiatu kimoja na kukitazama. Kisha akasema polepole: "Kiliman-bloody-jaro." Tusi limeingia kabla ya JA, kwa usahihi kabisa. Ila sisi kwetu ni Ki-li-ma-NJA-ro. N na j hazitengani, ni pumzi moja. Yeye alipitisha kisu katikati yao, n akaiacha huku, j akaichukua kule. Mpagazi wake, mmoja wa wale wanaojiita wagumu, alikuwa anashusha mzigo kichwani. Akanigeukia.

"Kaka, mlima umemchosha huyu," akasema, "mpaka kaukata vipande."